Inteki ya hewa baridi kwenye gari ya turbo: ubaki na boksi la kiwandani, uweke koni, ushushe filta chini au ufunge boksi jipya?

Ukishamiliki gari ya turbo hili swali linakufikia tu, mara nyingi siku ile umepanda gari ya mwenzako, akakanyaga mafuta ukasikia ule mluzi wa turbo unaingia hadi ndani: na mimi niweke inteki ya hewa baridi (inteki ni ile filta na bomba la kuingizia hewa kwenye injini) au niache kama ilivyo? Alafu ukianza kuulizia unapewa majibu mawili tu, huyu anakwambia weka gari itaruka, yule anakwambia ni kelele tu hamna kitu pale. Mi gari moja nimeibadilishia mfumo wa hewa mara tatu kabla sijatulia, na naona wote wawili wanajibu kama vile gari haina turbo. Gari ya turbo inapumua kivyake, kwahiyo hata vya kuangalia wakati wa kuchagua ni vingine.

Nitalinganisha njia nne ambazo watu ndo wanazifanya kweli. Ya kwanza, kubaki na boksi la filta la kiwandani ukabadilisha filta tu. Ya pili, kutoa boksi lote ukaweka filta ya koni iliyo wazi palepale chini ya boneti. Ya tatu, bomba refu linaloshusha filta hadi ndani ya fenda au nyuma ya bampa, hii ndo wengi wakisema inteki ya hewa baridi wanaimaanisha. Ya nne, inteki mpya yenye boksi lake lililofungwa kabisa, inavuta hewa kutoka mbele ya gari.

Tunapimia nini

Joto la hewa. Kila mtu anaanzia hapa, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Kwenye gari isiyo na turbo, hewa ikitoka kwenye filta inaenda moja kwa moja kwenye injini, kwahiyo joto la kwenye filta ndo joto linaloingia kwenye silinda. Kwenye turbo hewa inatoka kwenye filta, inagandamizwa na feni ya turbo inayozungushwa na moshi wa injini, inapata moto wa kutosha (shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaelewa), alafu inapita kwenye intakula, ile rejeta ya hewa, inapoozwa, ndo inafika kwenye throto na kuingia kwenye injini. Sasa tupige hesabu. Chukua turbo inayosukuma busti (presha inayoongezwa na turbo) ya bar 1, ufanisi wake asilimia 70, na intakula nayo yenye ufanisi wa asilimia 70, nje nyuzi 25. Hewa ikiingia kwenye turbo na nyuzi 25 inatoka na kama 118, ikishapita kwenye intakula inabaki kama 53. Ikiingia na nyuzi 45, manake filta inavuta joto la chini ya boneti, inatoka kwenye turbo na kama 144, alafu baada ya intakula inabaki kama 61. Umeona? Tofauti ya nyuzi 20 kwenye filta imefika kwenye injini ikiwa nyuzi 8 hivi. Kwa uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda hiyo ni kama asilimia 2 na nusu. Sio sifuri, na hewa ya moto inaweza pia kuifanya kompyuta irudishe taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kuikinga injini, lakini sio ule muujiza unaoandikwa kwenye maboksi ya hivi vifaa. Intakula ndo inayopooza, inteki inaisaidia tu.

Ubanaji wa njia. Hiki kwenye turbo kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Turbo inavuta hewa, na njia ikibana presha inashuka kabla hewa haijafika kwenye feni. Pembeni ya bahari presha ya hewa ni kama bar 1. Ukitaka busti ya bar 1 juu yake, turbo inatakiwa kuzidisha presha mara 2. Filta na mipira ikila bar 0.05 tu, turbo inaanzia 0.95 na bado inadaiwa kufika 2, kwahiyo inazidisha mara 2.1. Inabidi izunguke zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, kazi yote hiyo kwasababu ya mpira mmoja uliobana. Ila hapohapo uelewe kitu kingine, kompyuta ya gari ina kiwango cha busti inachokitaka, ikikifikia inafungua westigeti moshi upite pembeni ya turbo. Ukiilegezea njia ya hewa bila kugusa tyuni, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, mara nyingi kompyuta inakupa busti ileile, tofauti ni kwamba turbo inaifikia kirahisi na mapema kidogo. Faida kubwa inaonekana kwenye mzunguko wa juu ambako turbo ya kiwandani ilishaanza kuishiwa pumzi, au baada ya kutyuni.

Sensa ya hewa, ile ya MAF. Gari nyingi za turbo zinapima hewa kwa sensa iliyochomekwa kwenye bomba baada ya filta, na sensa yenyewe inapima kasi ya hewa inayopita mbele yake tu, haina habari bomba lina upana gani. Upana uliandikwa kwenye kompyuta kiwandani. Ukitoa sehemu yenye kipenyo cha milimita 70 ukaweka ya 76, eneo limeongezeka kwa kama asilimia 18, hewa ileile inapita taratibu, kompyuta inaamini hewa imepungua kwa kama asilimia 15, inamwaga mafuta kidogo. Mchanganyiko mkavu kwenye injini ya turbo sio wa kuchezea, ndo unaoleta kugonga na kutoboa pistoni. Gari zisizo na MAF, zinazosoma presha ndani ya manifoldi (njia ya mwisho ya hewa kuingia kwenye silinda), hili haliwahusu sana.

Maji na vumbi. Feni ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, za gari ndogo zinapita 200,000. Kwa spidi hiyo hata mchanga laini unakula mapanga taratibu kama msasa. Maji nayo hayagandamiziki, yakiingia ya kutosha kwenye silinda pistoni inapanda inakutana na ukuta, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda.

Sauti, na mwisho kazi ya kufunga na kutunza. Hizi nitazigusa kwa ufupi, sauti kila mtu anajua anachokipenda.

Njia ya 1: boksi la kiwandani na filta mpya

Joto. Watu wanalidharau hili boksi bila kulifungua. Lifuatilie mdomo wake, kwenye gari nyingi utakuta unatokea nyuma ya grili au juu ya rejeta, yaani tayari linavuta hewa ya nje, na boksi zima ni plastiki iliyofungwa inayozuia joto la boneti. Kwa maana halisi gari yako ilitoka kiwandani na inteki ya hewa baridi.

Ubanaji. Kwa nguvu za kiwandani kwa kawaida linatosha. Panapobana sio lazima iwe filta, mara nyingi ni mdomo wenyewe au ule mpira wa kutoka kwenye boksi kwenda kwenye turbo. Yangu nilihangaika na filta wiki nzima kumbe tatizo lilikuwa mpira, ulikuwa umelainika kwa mvuke wa oili unaotoka kwenye injini, nikiubana kwa vidole viwili kuta zinagusana bila hata nguvu. Gari imesimama unaonekana mzima kabisa, ukikanyaga fulu turbo inaunyonya unajikunja kwa ndani, gari inakata pumzi. Nilibadilisha ule mpira peke yake na gari ikarudi kama zamani. Kwahiyo kabla hujanunua chochote kashike mpira wako kwanza.

Sensa. Hapa hamna wasiwasi, bomba ni lilelile, kompyuta inasoma kama ilivyofundishwa. Isipokuwa ukiweka filta ya pamba inayopakwa oili alafu ukaipaka kwa kumwaga, oili inaruka inashika kwenye waya wa sensa na usomaji unaharibika.

Maji na vumbi. Hapa ndo boksi la kiwandani linapoongoza kwa uwazi. Filta iko juu, boksi lina tundu la kutolea maji, na filta ya karatasi inakamata vumbi laini vizuri sana. Tena filta ya karatasi ikishika vumbi kiasi inachuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, inachopoteza ni upumuaji, ndo maana inabadilishwa kwa wakati badala ya kupulizwa na kompresa. Ile presha ya kompresa inaweza kupasua nyuzi za karatasi mahali usipopaona, na kuanzia hapo turbo inakula vumbi.

Sauti ni ya kimyakimya. Kazi ni ya dakika kumi, klipu nne na filta.

Inamfaa nani: mwenye gari ya matumizi ya kila siku ambayo haijatyuniwa, anayepita njia za vumbi, na mwenye gari ambayo waranti bado inaishi na hataki maswali.

Njia ya 2: koni iliyo wazi chini ya boneti

Joto. Hii inavuta hewa ya palepale, pembeni ya injini, na kwenye gari nyingi ni karibu kabisa na turbo yenyewe ambayo upande wa moshi inawaka moto. Nilipokuwa nayo nilikuwa natembea na kisomeo cha OBD, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kimechomekwa, naangalia joto la kwenye sensa. Nje nyuzi 29, gari ikitembea inasoma 37, 38, nikiingia kwenye foleni inaanza kupanda taratibu, 45, 50, baada ya kama dakika kumi ikawa 61. Foleni ikifunguka ilichukua kama dakika mbili za kutembea kurudi kwenye 38. Sasa ukikumbuka ile hesabu ya juu, sio zote hizo zinafika kwenye injini, lakini kwenye foleni intakula nayo haipati upepo, kwahiyo zile sekunde za kwanza ukiondoka, ambapo ndo unataka nguvu, gari inakuwa nzito kweli. Kwenye barabara iliyo wazi tofauti inakuwa ndogo kuliko wanaoipinga wanavyosema.

Ubanaji. Vizuri sana, bomba fupi, kona chache, filta kubwa iliyo wazi pande zote. Kwenye kigezo hiki peke yake inaweza kuwashinda wote, na kuna gari ambazo turbo inashika busti mapema kidogo baada ya kuifunga. Sitaki kuikandia hapo.

Sensa. Angalia mambo mawili. Kipenyo cha sehemu inapokaa sensa kiwe sawa na cha kiwandani, na kuwe na kipande cha bomba kilichonyooka kabla ya sensa. Koni ikikaa imeng'ang'ania mdomoni mwa sensa hewa inafika imevurugika, usomaji unarukaruka, sailensa, yaani muungurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inakuwa haitulii.

Maji na vumbi. Maji sio shida kubwa sababu iko juu. Vumbi inategemea filta yenyewe, kuna koni nzuri za nyuzi kavu na kuna zile ambazo ukiziinua kwenye jua unaona mwanga unapenya vitundu. Ukiona vitundu iache dukani, hiyo inatengeneza kelele ila haichuji.

Sauti ndo sababu wengi wanaichukua na hamna ubaya. Unasikia turbo ikivuta, ukiachia mafuta unasikia ile pshhh. Kufunga ni saa moja kwa bisibisi na spana namba 10, kuosha ni rahisi kwasababu iko mbele ya macho.

Inamfaa nani: anayependa sauti, anayetembea zaidi barabara ndefu za kasi kuliko foleni, na mwenye gari ambayo nafasi chini ya boneti hairuhusu kingine.

Njia ya 3: bomba refu, filta ndani ya fenda au nyuma ya bampa

Joto. Kwenye namba ndo nzuri kuliko koni wazi, filta inakaa nje kabisa ya chumba cha injini inavuta hewa inayokaribiana na ya nje, na hata kwenye foleni haipandi sana. Watu wanabishana bomba liwe la alumini au plastiki, manake alumini inashika moto. Ni kweli ukiligusa baada ya safari linachoma, lakini ukikanyaga fulu hewa inapita humo kwa kasi kubwa mno haipati muda wa kupokea joto la maana. Nisingechagua kwa kigezo hicho.

Ubanaji. Hapa inategemea sana utengenezaji. Bomba ni refu na lina kona, kila kona inakula kidogo. Likiwa pana na kona zake laini ni zuri, likiwa na mikunjo mikali ya kukwepa taa na betri linaweza lisizidi boksi la kiwandani. Mwambie anayekuuzia akuonyeshe bomba lenyewe, sio picha ya boksi.

Sensa. Uangalifu uleule wa kipenyo, na kingine ni kwamba viungo vimekuwa vingi. Kila kiungo kilicho baada ya sensa na kabla ya turbo kikivuja kinaingiza hewa ambayo haikupimwa. Mimi seti yangu ya aina hii ilikuja na bomba pana kuliko la kiwandani pale kwenye sensa, siku ya pili taa ya chek injini ikawaka, namba ya hitilafu P0171, mchanganyiko mkavu, na fyueli trimu ya muda mrefu ilikuwa inasoma +19, yaani kompyuta inaongeza asilimia 19 ya mafuta kufidia uongo wa sensa. Gari ilikuwa inatembea vizuri tu kwa mguu mwepesi, hiyo ndo inayotisha, usipopima hujui.

Maji na vumbi. Nakuomba hapa usipite haraka. Filta imeshuka karibu na lami, mvua ikinyesha inapigwa na maji ya tairi. Kulowana tu mara nyingi haiui injini, kinachoua ni filta kuzama, ukipita kwenye dimbwi maji yakaifunika yote hamna tena pa kuvuta hewa, turbo inavuta maji. Kuna soksi za kitambaa kisichopitisha maji zinazovalishwa juu ya filta, zinasaidia kwa matone na tope, kwa kuzama hazisaidii. Na ikikutokea gari ikazimika ndani ya maji, tafadhali usipige stati. Ivutwe itolewe, plagi zifunguliwe, injini izungushwe kwa mkono maji yatoke, na kwenye turbo ifunguliwe na intakula sababu maji yanajificha mle. Watu wengi konrodi hazikupindia kwenye dimbwi, zilipindia kwenye ile stati ya pili.

Sauti ni ya kati, mluzi upo ila umezama chini. Kufunga ni kazi, bampa au kava la ndani ya fenda linatoka, na kila ukitaka kuosha filta linatoka tena, ndo maana filta nyingi za hivi ukizitoa baada ya mwaka unakuta zimekuwa matope.

Inamfaa nani: anayeishi sehemu kavu au yenye barabara zisizojaa maji, gari haijashushwa sana, na mwenye moyo wa kuvua bampa kwa ajili ya filta. Kama mvua ikinyesha njia yako ya kurudi nyumbani inageuka mto, hii sio yako.

Njia ya 4: inteki yenye boksi lililofungwa

Joto. Inakaribia ya tatu bila kushuka chini, boksi linazuia moto wa injini na mdomo wake unavuta mbele. Lakini sio kila boksi ni boksi. Kuna zile ngao za bati zilizo wazi juu, zinategemea mpira wa pembeni ugusane na boneti ikifungwa. Njia ya kujua ni rahisi, paka chaki kwenye ukingo wa mpira, funga boneti, fungua uone chaki imehamia wapi. Mahali ambapo haikuhamia ndo joto linapopita. Na kuna maboksi yaliyofungwa vizuri ila mdomo wa kuingizia hewa ni mdogo kuliko bomba linalotoka, hapo unakuwa umebadilisha boksi kwa boksi.

Ubanaji. Likitengenezwa vizuri ni zuri, filta kubwa na bomba pana hadi kwenye turbo. Kwenye gari iliyotyuniwa ndo linaonyesha kazi yake.

Sensa. Watengenezaji makini wanatunza kipenyo cha kiwandani pale sensa inapokaa, hata kama mbele na nyuma yake bomba limepanuka. Pima na vernia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, kabla hujafunga, usiamini maandishi.

Maji na vumbi. Karibu sawa na boksi la kiwandani, ila angalia kama limewekewa tundu la kutoa maji, mdomo unaoangalia mbele unapokea mvua yote ya barabarani.

Sauti ni ya kistaarabu, unasikia turbo ukikanyaga, ukitembea taratibu kimya. Kufunga ni nusu siku. Na kati ya zote nne ndo kwa kawaida inakula hela nyingi, hilo ndo la kulifikiria.

Inamfaa nani: mwenye gari iliyotyuniwa au inayoelekea kutyuniwa, anayekaa kwenye foleni na joto, na anayetaka kitu kimoja asirudie.

Mambo yanayohusu zote, uchague ipi uchague

Kuna mipira midogo inayoingia kwenye bomba la inteki kabla ya turbo, mmoja wa injini kupumulia na mwingine wa valvu ya kuachia busti ukitoa mguu. Yote irudi mahali pake kwenye bomba jipya. Kuna mafundi wanaona bomba jipya halina tundu, wanaiachia valvu imwage hewa nje kwasababu inapiga kelele tamu. Kwenye gari ya MAF hewa ile ilishapimwa, kompyuta ilishaiandalia mafuta, ukiimwaga nje kila ukibadilisha gia gari inapata mafuta mengi, inatoa moshi mweusi, na saa nyingine inazima ukikaribia taa za barabarani.

Ukishafunga, usiende kujaribu spidi siku hiyohiyo. Washa, sikiliza kama kuna kufyonza kwenye viungo, alafu tembea kawaida siku mbili tatu na OBD. Fyueli trimu ya muda mrefu ikibaki karibu na ilipokuwa kabla ya kufunga, poa. Ikisogea ikapita 10 upande wowote rudi ukatafute, ni kiungo kinavuja, sensa imechafuka au kipenyo sio. Kwahiyo andika namba za kabla, ukiwa na boksi la zamani bado liko kwenye gari. Kitu kingine, joto linalosomwa na sensa iliyo ndani ya MAF ni la kabla ya turbo, sio linaloingia kwenye injini. Gari nyingi zina sensa nyingine baada ya intakula, hiyo ndo ya kuangalia ukitaka kujua kama umepata faida.

Na kama unataka kujua boksi lako la kiwandani linabana au la bila kubahatisha, toboa tundu dogo au tumia la mpira uliopo kati ya filta na turbo, unganisha mita ya vakyumu (inapima nguvu ya mnyonyo), kanyaga fulu kwenye gia ya tatu mahali salama na mwenzako asome. Sindano isipojisogeza sana, hamna cha kulegeza pale.

Kwa hali yako

Gari haijaguswa, unaitumia kwenda kazini na kurudi: badilisha filta, kagua mpira wa turbo, kagua klampu. Kama bado unahisi gari inachoka kwenye joto, hela ya inteki ipeleke kwenye intakula, ile hesabu ya nyuzi 53 na 61 inabadilika zaidi pale kuliko mahali pengine popote.

Umeshatyuni au wiki ijayo unatyuni: boksi lililofungwa, au bomba refu kama barabara zako ni kavu, na lifungwe kabla ya tyuni ili anayetyuni aisome sensa ikiwa kwenye bomba jipya. Ukilifunga baada, tyuni uliyolipia ilikuwa ya gari nyingine.

Unataka sauti na huna habari na namba: koni wazi yenye filta ya maana, itengenezewe ngao ya kuikinga na turbo, na ule mdomo wa zamani wa boksi uuache mahali pake uwe unaipulizia hewa ya mbele.

Dizeli ya turbo: injini hizi mara nyingi zinakuwa na hewa ya ziada tayari, inteki peke yake haikupi nguvu ya kuisikia, na nyingi ndo zinazopelekwa kwenye vumbi. Boksi la kiwandani, filta ya karatasi, na ukague lile rababendi la pembeni ya filta kama limekaa kwenye reli yake yote, vumbi linapenda kupita pale.

Barabara za mafuriko: chochote kile ila sio njia ya 3. Kama ulishanunua gari na imekuja nayo, inama chini uangalie filta imekaa usawa gani, linganisha na kitovu cha tairi. Ikiwa chini ya hapo, tafuta boksi la zamani kabla ya msimu wa mvua kuanza.